Timu ya Nyika na Mgongo wa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitikia kama mnamzika mtu? Paukwa!

Pakawa, Shangazi!

Nyuso zimewashuka nini?

Tumefungwa!

Na nani kawafunga?

Majirani!

Mara ngapi sasa?

Kila mara, Shangazi!

Haya, zimeni hiyo redio. Wachambuzi wamechambua mpaka wamebakisha maganda. Sogeeni, na wewe Kombo uache kuuma kucha, kipa hakusikii. Nitawaambia habari za timu nyingine iliyokuwa ikifungwa kama yetu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kugombana kama sisi, palikuwa na nchi mbili. Moja iliitwa Nyika, ya pili iliitwa Ng'ambo. Katikati palikuwa na ziwa la magadi. Maji yake hayanyweki. Ukiyaonja ulimi unawaka, yakikuingia machoni unalia mchana kutwa.

Kwenye kichwa cha ziwa ilikuwako chemchemi moja tu ya maji matamu. Wakati wa kiangazi, nchi zote mbili zilikunywa hapo. Na kila kiangazi walipigana, wakauana, wakachoka.

Basi wakapatana. Wakasema, "Tuache kupigana, tucheze mpira. Tutakutana mara tatu. Atakayefungwa mara zote tatu, huyo ataondoka chemchemini, akatafute maji kwingine."

Na kwingine hapakuwa na maji. Kila mtu alilijua hilo.

Nahodha wa Nyika alikuwa Ngiri, mama mmoja mwenye pembe mbili za mdomoni na mkia unaosimama wima akikimbia. Alikuwa na watoto wadogo, bado wananyonya. Mama asipokunywa maji, maziwa hayatoki. Kwa Ngiri, mpira huu haukuwa mchezo hata kidogo. Ulikuwa uhai wa wanawe.

Mwenyekiti wa timu alikuwa Nyati. Mkubwa, mweusi, sauti nzito, na kifua cha kuvikwa mashada. Alikuwa na kamati. Kamati ilikuwa na wajumbe, wajumbe walikuwa na wake, wake walikuwa na mashemeji. Nanyi mnaocheka huko nyuma, mimi nasema habari za wanyama, msinitie maneno mdomoni.

Mechi zilichezwa Ng'ambo. Kwa nini? Kwa sababu kiwanja cha Nyika kilikuwa kimeota majani marefu. Nyati alikataza mtu yeyote asikikanyage. Alisema kiwanja ni mali ya taifa, kitunzwe. Kumbe alikuwa akiyalea majani yanenepe, ayale yeye na jamaa zake.

Na wachezaji walipatikanaje? Kila ukoo mkubwa ulileta jina. Ukoo wa Tembo ulikuwa na ngoma kubwa ya kushangilia, basi kipa lazima atoke kwa Tembo. Wakamleta Mjomba Tembo, mzee wa watu, kuinama hawezi. Ukoo wa Kongoni ulikuwa umeoa kwa Nyati, basi Kongoni wawili wakaingia. Swala alikuwemo kwa sababu anajua kweli, na Ngiri kwa sababu anajua kweli. Waliobaki waliingia kwa majina ya baba zao.

Siku ya mechi ya kwanza ikafika. Kuvuka ziwa ni kwa mgongo wa Kiboko. Kwa miguu huwezi, kando ya ziwa ni matope yanayomeza mtu mpaka kiunoni.

Kiboko akaja, akatandaza mgongo. Akapanda Nyati. Wakapanda wajumbe. Wakapanda wake. Wakapanda mashemeji. Ikapandishwa na ngoma.

Ngiri akauliza, "Na sisi, Mwenyekiti?"

Nyati akamtazama kwa huruma. "Nyinyi si wachezaji? Wachezaji wana nguvu. Ogeleeni."

Wakaogelea. Walipofika Ng'ambo macho yalikuwa mekundu kama pilipili, miguu inatetemeka, Mjomba Tembo anakohoa magadi. Heroe, ndege mwenye miguu myembamba, ndiye aliyekuwa refa. Akapuliza filimbi. Nyika wakafungwa, wakafungwa, wakafungwa mpaka Heroe akaona aibu.

Nyati akasimama mbele ya wanyama wote, akapaza sauti, "Tatizo nimeliona. Kocha hafai!"

Kocha alikuwa Mbuni. Akafukuzwa siku ile ile, mbele ya wanawe, na kelele za kuzomewa zikimsindikiza. Akaletwa Twiga kutoka mbali. Watu wakafurahi. Wakasema, huyu shingo yake ndefu, ataona kila kitu.

Twiga aliona. Aliona kwamba timu haikusanyiki mpaka mechi ikaribie. Aliona kiwanja ni chakula cha mwenyekiti. Akasema, "Jamani, lini tunafanya mazoezi?"

Nyati akajibu, "Mazoezi ya nini, na hawa ni wachezaji tayari?"

Ikafika mechi ya pili. Kiboko akatandaza mgongo. Akapanda Nyati. Wakapanda wajumbe. Wakapanda wake. Wakapanda mashemeji, na safari hii mashemeji nao wamekuja na mashemeji. Ikapandishwa na ngoma. Na juu ya ngoma akakaa mtu mpya, Nungunungu, mganga wa timu, miiba imemjaa mgongo wote, kibuyu mkononi.

Na wachezaji je?

Wakaogelea, Shangazi!

Wakaogelea. Walipofika mlangoni pa kiwanja, Nungunungu akanyoosha mkono. "Simameni! Lango hili limezindikwa. Mkipita hapa miguu inakufa ganzi. Rukeni ua!"

Ua ulikuwa wa miiba ya mgunga. Ngiri akasema, "Mzee, lango liko wazi. Hao wenyeji wanapita hapo hapo na wanakimbia vizuri."

"Wewe unabishana na fani ya watu?" akasema Nungunungu.

Wakaruka. Swala, mchezaji wao wa kutegemewa, akachanika paja. Kongoni mmoja akachomwa kwato. Mjomba Tembo hakuweza kuruka, akanasa juu ya ua, tumbo huku, miguu kule, mpira umekwisha kuanza naye anapiga kelele ashushwe. Goli lilikuwa wazi. Hata mimi ningefunga.

Wakafungwa tena. Nyati akasimama, sauti nzito. "Tatizo nimeliona. Kocha hafai!"

Twiga hakungoja kuzomewa. Alifunga safari yake, akasema neno moja tu, "Mimi sikuwahi kuiona timu. Niliona watu waliokutana ziwani." Akaenda zake kwao.

Sasa imebaki mechi ya mwisho. Kiangazi kimekaza. Majani yamekuwa makavu, vumbi linaingia mpaka kwenye ndoto. Ngiri akamwendea Nyati, akamwambia, "Mwenyekiti, tukifungwa tena hatuna maji. Tukae tuulizane, tunakosea wapi."

Nyati akavimba. "Nitakwambia mnapokosea. Hamna uzalendo! Mnavaa rangi za Nyika, lakini hamna Nyika moyoni. Na wewe nahodha ndiye wa kwanza."

Sikilizeni, wanangu. Kufungwa kunauma. Lakini kuambiwa hivyo, macho yako bado mekundu kwa magadi, na wanao wanakungoja wakunyonye! Ngiri alilia. Alilia kwa hasira, akaondoka bila kuaga, mkia umesimama wima, akatembea asikojua.

Akafika kwenye mto uliokauka. Akasikia kelele. Akachungulia.

Mchangani palikuwa na mpira. Digidigi, swala mdogo kuliko wote, anapita katikati ya miguu ya watu kama maji. Pimbi, ambaye ukimwona utasema panya aliyeshiba, yuko golini, anaruka kutoka jiwe hili mpaka jiwe lile, hapitishi kitu. Kanga wanapasiana haraka haraka. Watu wazima, wana familia zao, wanacheza kila jioni wakimaliza kutafuta riziki. Hakuna ngoma, hakuna mashada. Na wanacheza, jamani, wanacheza!

Ngiri akashuka. "Enyi ndugu, nyinyi ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa Nyika," akasema Digidigi.

"Mbona hamji timu ya taifa?"

Wakatazamana. Pimbi akajibu, "Tulikuja, dada. Tulipofika tukaulizwa sisi ni watoto wa nani. Tukataja baba zetu. Wakasema hawawajui."

Ngiri akasema, "Njooni tena. Mara hii nitauliza mimi, na nitauliza swali jingine."

Digidigi akacheka. "Tuje tukaogelee? Dada, sisi tunakuheshimu, lakini magadi tumeyaona kwenye macho yako."

"Hamtaogelea," Ngiri akasema. "Mwenye kucheza atapanda. Asiyecheza ataogelea. Kama siwezi kulipata hilo, nami nitabaki huku mchangani nanyi mpaka kiu itumalize sote."

Alilisema taratibu, na wakaona hatanii.

Kesho yake palikuwa na baraza. Nyati alikuwa akihutubia habari za uzalendo, wajumbe wanapiga makofi. Ngiri akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu nyingi.

"Mwenyekiti, nimekosa. Umesema kweli. Sisi hatujui mpira, wala nchi hatuipendi vya kutosha. Wanaoijua kazi hii ni nyinyi kamati. Basi tunaomba mtufundishe kwa vitendo. Chezeni nyinyi, sisi tutazame, tujifunze."

Wanyama wakashangilia. "Kamati! Kamati!"

Nyati, masikini, sifa zilimpanda kichwani. Akasema, "Si kazi. Tucheze na nani?"

"Wako watu fulani wa mchangani," akasema Ngiri. "Wadogo tu. Hata baba zao hamuwajui."

Kamati wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nyati akaingia mbele. Mashemeji wakajipanga popote walipopenda. Golini akasimama nani?

Nungunungu!

Nungunungu, na kibuyu chake. Wakaingia kwenye kile kiwanja cha majani marefu. Mpira ukaanza.

Digidigi akapotea majanini. Nyati anauliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Digidigi huyo nyuma yake, kafunga.

Kanga wakapasiana. Nyati anakimbilia huku, mpira uko kule. Anakimbilia kule, mpira uko huku. Akasimama, akainama, akaanza kula majani kujifanya hakuchoka. Kanga wakafunga.

Mara ya tatu Digidigi akapiga shuti la nguvu. Nungunungu akasema, "Huu nauzuia kwa dawa!" Akageuza mgongo. Mpira ukatua kwenye miiba. Pwaaa! Ukapasuka, ukamning'inia mgongoni kama tambara.

Nungunungu akapaza sauti, "Mmeona? Nimeuua!"

Wanyama walicheka, wakacheka, mpaka wengine wakakaa chini. Lakini Ngiri hakucheka. Alisimama katikati ya kiwanja, akangoja kicheko kiishe.

"Mnacheka," akasema. "Ng'ambo nao hivyo hivyo walitucheka sisi. Mimi nina watoto wananyonya. Nani mwingine hapa ana mtoto anayehitaji maji?"

Ukainuka mkono mmoja, na mwingine, na mwingine, mpaka baraza zima. Hata Nyati aliinua. Naye alikuwa na ndama.

"Basi nasema hivi. Majani haya yakatwe leo. Kiwanja ni cha kuchezea. Timu ichaguliwe na kocha, na kocha asiulize mtu ni mtoto wa nani, aulize anaweza nini. Na mgongo wa Kiboko ni wa wachezaji."

Wajumbe wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Na heshima yetu je?"

Hapo Kiboko, ambaye miaka yote hakuwahi kuulizwa neno, akapiga miayo. Akasema, "Mimi mgongo unauma. Nimebeba wajumbe mpaka nimepinda, na kila nikirudi nabeba kilio. Kuanzia leo nambeba anayecheza. Mwingine akinikanyaga, nazama naye."

Mjadala ukaisha.

Ngiri akaenda kwa Mbuni. Akamkuta amefukia kichwa kwenye shughuli zake, hataki kugeuka.

"Kocha, tunakuomba urudi."

"Mlinizomea mbele ya wanangu."

"Tulikuzomea," Ngiri akasema. "Nami nilikuwepo, nikanyamaza. Tulikosa. Rudi."

Mbuni akageuka. "Nikirudi nachagua mwenyewe. Nikimwacha mtu nimemwacha. Na wewe usije ukanililia."

"Sitalia," akasema Ngiri.

Majani yakakatwa. Mazoezi yakaanza. Asubuhi wanakimbia, jioni wanapasiana, jua likiwaka wanakaa kivulini Mbuni anawaeleza. Wale wa majina ya baba zao, wengine walikimbia siku ya kwanza. Kongoni mmoja alibaki, akajikaza, akawa beki wa kuogopwa. Kumbe alikuwa anaweza, ila hakuna aliyewahi kumdai jasho. Mjomba Tembo aliondolewa golini, ukoo wake ukanuna, ukachukua ngoma yao ukaenda nayo. Basi timu ikafanya mazoezi bila ngoma, na wala miguu haikusahau kukimbia.

Ngiri alijituma kuliko wote. Lakini alikuwa ananyonyesha, maji ni ya shida, usingizi ni wa vipande vipande. Mbuni akawa anamtazama tu.

Siku ya mechi ikafika. Wamekusanyika ufukoni. Mbuni akaanza kuwataja wa kucheza. Pimbi golini. Kongoni beki. Kanga katikati. Swala, paja limepona. Digidigi mbele.

Akamaliza. Ngiri hakutajwa.

Watu wakaguna. Ngiri alihisi uso unawaka. Akasema, "Kocha, mimi ni nahodha."

Mbuni akasema, "Unajua kucheza kuliko wengi hapa. Lakini leo mwili wako umechoka, na Digidigi leo ana kasi kuliko wewe. Umeniambia niulize mtu anaweza nini. Nimeuliza."

Nyati akaona mwanya wake. Akamsogelea, akamnong'oneza, "Umeona sasa? Mimi nisingekufanyia hivi. Sema neno moja, nitarudisha mambo kama zamani."

Kombo, wewe ungefanyaje? Hunijibu. Hata mimi sijui ningefanyaje.

Ngiri aliwatazama wachezaji. Wote walikuwa wamesimama, hakuna aliyepanda, wanamngoja yeye. Akavua kitambaa cha unahodha, akamfunga Digidigi mkononi, na mkono wa Digidigi ni mwembamba, ikabidi akizungushe mara mbili.

"Pandeni," akasema. "Kiboko anangoja."

Wakapanda. Na kwa kuwa mgongo ni wa wanaocheza, Ngiri aliingia majini akaogelea. Magadi yakamchoma macho. Nyati alisimama ufukoni muda kidogo, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha naye akajitosa. Baada yake wakajitosa wajumbe, na wake, na mashemeji. Nchi nzima ikaogelea, na wachezaji wako juu, wakavu, wameshikana mikono.

Walipofika, Nungunungu hakuwepo. Lango likapitwa kama lango.

Nyani, wachezaji wa Ng'ambo, walipomwona Pimbi golini wakaangua kicheko. Wakafunga bao la mapema. Zamani Nyika ingevunjika hapo hapo. Mara hii Kongoni akauokota mpira wavuni, akaupeleka kati, akasema, "Bado." Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Wakapasiana. Wakanyang'anywa, wakautafuta tena. Jua likaanza kushuka. Kanga akamwona Digidigi, akamtupia mpira katikati ya miguu ya mabeki wawili wakubwa. Digidigi akapita pale pale, akafunga. Moja kwa moja!

Ng'ambo wakaja juu kwa hasira. Shuti huku, shuti kule. Pimbi akaruka, akaruka, akaruka. Shuti la mwisho alilitoa kwa ncha za kucha. Heroe akapuliza filimbi.

Hawakufungwa. Chemchemi imebaki yao pia.

Nyika walilia kwa furaha. Wakakumbatiana, wakagaragara. Nyati akapanda juu ya kichuguu, akakohoa, sauti nzito. "Ndugu wananchi! Kwa ushindi huu mkubwa, kamati imeonelea tufanye sherehe ya siku saba, na mechi ziahirishwe..."

Ngiri akamkatiza. Alikuwa ameloa, macho mekundu, hakucheza hata dakika moja, na watu wote wakanyamaza kumsikiliza.

"Shuka, Mwenyekiti," akasema. "Hatujashinda. Tumeacha kufungwa, basi. Nendeni mkanywe maji, mkanyonyeshe, mlale. Kesho asubuhi mazoezi. Na mimi nitakuwa wa kwanza kufika, maana namba yangu naitaka."

Akaondoka kwenda chemchemini kunywa.

Basi wanangu, hilo ndilo funzo. Timu haifungwi siku ya mechi. Inafungwa siku inapouliza mchezaji ni mtoto wa nani, na siku anayekimbia anapoogelea ili asiyekimbia apande. Na anayetaka mambo yanyooke, akubali yaanze kunyooka kwake yeye, hata yakimchoma. Msinitafutie kocha mwingine, wala msinitafutie mganga. Nendeni kesho mkafyeke kile kiwanja cha shule, nyasi zimefika magotini na nyote mnapita mnatazama.

Filimbi ya hadithi yangu imelia. Ikiwa imewanoga, ondokeni nayo mkawachezee wengine. Ikiwa haikunoga, niachieni hapa hapa mlangoni, nitaifanyisha mazoezi.